Mama Yake Yuko Wapi?

Viwanda vya watoto wa mbwa huko ng'ambo, na sheria zinazopiganiwa kuvizuia

Mbwa kwetu sisi watu wa pwani ni mnyama wa nje ya mlango. Tangu chuoni tumesomeshwa kwamba mate yake ni najisi, na kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hatumlazi chumbani wala hatumpakati. Kwa hiyo mtu akija barazani akasimulia kwamba huko Marekani na Uingereza watu wamepiga kura, na wabunge wamebishana miaka nenda miaka rudi, mintarafu ya jinsi watoto wa mbwa wanavyozalishwa, wengi wetu tutacheka na kusema kwamba watu wale wamekosa kazi ya kufanya.

Lakini jambo hili si la kuchekwa. Ukilibandua ganda la nje, ndani yake mna swali ambalo wanavyuoni wetu wamelijadili kwa karne nyingi. Kiumbe asiyesema, aliyetiwa mkononi mwa binadamu, ana haki gani? Na mwenye mali akisema, "Huyu ni wangu, nimemnunua kwa fedha zangu," je, serikali ina ruhusa ya kuingia uani mwake ikamwuliza anamtendea nini?

Hilo ndilo swali lililozua mzozo huko ng'ambo, na tutalitazama kwa ukamilifu kabla ya kurudi kwetu.

KOO NDANI YA TUNDU

Wamarekani wanaita mahali hapa vinu, kama vile vinu vya kusagia unga, na Waingereza wanaita mashamba. Jina lolote liwalo, kazi ni moja: kuzalisha watoto wa mbwa kwa wingi, kwa gharama ndogo, ili wauzwe kwa bei kubwa wakiwa wangali wadogo na wa kupendeza.

Sisi tunalo neno letu la zamani, koo, yaani jike linalofugwa kwa ajili ya kuzaa. Twasema koo la kuku na koo la mbuzi. Basi katika vinu hivi kila kitu humzunguka koo la mbwa. Kwa desturi jike la mbwa huwa tayari kupandwa yapata mara mbili kwa mwaka. Hubeba mimba kiasi cha siku 63, akazaa watoto wanne, watano, hata wanane na zaidi kwa kutegemea mbegu yake. Watoto huzaliwa vipofu, macho yao hufumbuka baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na wanamhitaji mama yao kwa wiki saba au nane.

Mfugaji mwenye imani humpumzisha koo baada ya kuzaa ili mwili wake urudi. Mwenye kinu hesabu yake ni nyingine. Kwake yeye kila mwezi ambao koo hana mimba wala hanyonyeshi ni mwezi wa hasara, kwani chakula chaliwa na fedha haziingii. Kwa hiyo humpandisha kila anapokuwa tayari, mwaka baada ya mwaka, mpaka tumbo lichoke. Likisha kuchoka, koo huyo hana faida tena. Wako waliotolewa wakagawiwa watu wenye huruma, na wako waliouawa.

Maisha yake yote huyapitisha tunduni. Matundu hupangwa safu juu ya safu kama sanduku ghalani, na sakafu yake mara nyingi ni wavu wa waya, ili uchafu udondoke chini na mwenyewe apunguziwe kazi ya kufagia. Vidole vya mbwa hunasa katika wavu huo, nyayo huvimba, kucha hukua zikajipinda. Manyoya yasiyochanwa hushikamana mpaka yakawa kama mkeka uliooza. Meno hung'oka bila ya mtu kutazama. Wako majike waliookolewa humo wakiwa wazima wa umri, ambao hawakupata kukanyaga nyasi hata siku moja, na walipowekwa juu ya ardhi walisimama wakitetemeka, wasijue hatua ya kwanza huanzia wapi.

Mnunuzi hayaoni hayo. Mtoto wa mbwa huchukuliwa na dalali, akapakiwa katika lori pamoja na wenzake kutoka mashamba mengi, akasafirishwa mamia ya maili mpaka dukani mjini. Huko huoshwa, hupakwa manukato, akawekwa nyuma ya kioo. Siku hizi picha yake hutiwa kwenye intaneti pamoja na maneno matamu, kwamba amelelewa na jamaa wapendao wanyama. Mnunuzi amwona mtoto. Mama hamwoni kamwe. Biashara yote imejengwa juu ya pazia hilo moja.

Madhara yake humfuata mnunuzi hadi nyumbani. Watoto waliochanganywa kutoka mahali pengi huambukizana minyoo, kikohozi na ugonjwa wa kuharisha damu uletwao na virusi vya parvo, ambao humwua mtoto wa mbwa kwa siku chache. Zaidi ya hayo, mbwa hujifunza kuishi na watu katika wiki zake za mwanzo, tangu ya tatu mpaka ya kumi na mbili au kumi na nne. Aliyezipitisha wiki hizo tunduni huweza kukua mwoga, na mbwa mwoga ndiye aumaye.

BIASHARA ILIVYOANZA

Mambo haya yalishika nguvu baada ya vita vikuu vya 1939 hadi 1945, katika majimbo ya kilimo ya katikati ya Marekani, kama vile Missouri, Kansas na Iowa. Wakulima waliokuwa hawapati kitu kwa mazao yao walitafuta kitu kingine cha kuuza. Watu wa mijini walikuwa wameanza kuwa na nyumba kubwa na fedha za kustarehe, na kila nyumba ilitaka mbwa mwenye nasaba. Wakulima wakageuza mabanda ya kuku na vizimba vya sungura yakawa makao ya mbwa. Walimfuga mbwa vile walivyofuga kuku, kwa hesabu ya mayai.

Tusiwahukumu wote kwa fimbo moja. Wapo wafugaji waaminifu, huko na kwengineko, wanaojua jina la kila mbwa wao, wanaoacha koo apumzike, na ambao hawamwuzii mtu mpaka wamjue. Wapo pia wakulima maskini walioingia katika biashara hii kwa sababu shamba liliwaangusha na watoto wao walitaka kula. Lakini soko halimtofautishi mwema na mwovu maadamu bidhaa zao zinafanana kiooni. Anayetumia fedha kidogo kwa koo lake ndiye auzaye kwa rahisi, na auzaye kwa rahisi ndiye amwondoaye mwenzake sokoni. Hapo ndipo haja ya sheria ilipotokea.

SHERIA YA KWANZA

Sheria ya Marekani ilizaliwa kwa kisa cha mbwa mmoja aitwaye Pepper. Mwezi wa Julai 1965 mbwa huyu, wa aina ya madoadoa meusi na meupe, alipotea nyumbani kwao katika jimbo la Pennsylvania. Wenyewe walimtafuta kila mahali. Mbunge Joseph Resnick wa New York alijaribu kuwasaidia. Mwisho ilijulikana kwamba Pepper alikuwa ameuzwa mkono kwa mkono na madalali mpaka akafikia hospitali moja ya New York, akafa katika majaribio ya madaktari.

Mwezi wa Februari 1966 gazeti la Life lilichapisha picha za mbwa waliokonda mifupa mitupu katika yadi za madalali hao. Wananchi waliandika barua kwa maelfu. Tarehe 24 Agosti mwaka huo huo Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kuwahifadhi wanyama wa maabara. Sheria hiyo ilikuwa hasa kwa ajili ya mbwa na paka wanaouzwa kwa majaribio, lakini mwaka 1970 ilipanuliwa ikawaingiza pia wauzao wanyama wa kufugwa kwa jumla. Kazi ya kukagua ikapewa Wizara ya Kilimo.

Basi sheria ilipatikana, lakini tazama kipimo chake. Mbwa apimwe tangu pua mpaka shina la mkia, kisha ziongezwe inchi sita, na hicho ndicho kipimo cha kila upande wa tundu lake. Mbwa mwenye urefu wa inchi 24 atapata tundu la inchi 30 kwa 30, yaani futi mbili na nusu kila upande. Juu ya kichwa chake ziachwe inchi sita. Ndani ya nafasi hiyo yaweza kupita miaka yake yote, na mwenyewe asiwe amevunja sheria. Wala sheria hiyo haikuweka kikomo cha koo wangapi mtu aweza kuwa nao, au kila mmoja azae mara ngapi. Mwenye mbwa mia tano, akiwa matundu yake yametimia inchi zake, ana leseni halali.

Palikuwa na tundu jingine, nalo lilikuwa katika sheria yenyewe. Duka lililouza moja kwa moja kwa mnunuzi halikuhitaji leseni hiyo, kwa kudhaniwa kwamba mnunuzi ataona kwa macho yake. Intaneti ilipoingia, wenye vinu walijiita maduka, wakauza kwa picha, pasiwe na dalali wala mkaguzi. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2013, ilipoamriwa kwamba anayeuza bila ya kuonana na mnunuzi lazima awe na leseni, isipokuwa mwenye majike wanne au chini yake wa kuzalisha.

MAJIMBO YAPIGA HATUA

Kwa kuwa sheria ya taifa ilikuwa dhaifu, baadhi ya majimbo yaliamua kutengeneza zao. Katika Pennsylvania, ambako vinu vilikuwa vingi mno, lilitokea jambo la kusikitisha mwaka 2008. Wafugaji wawili waliamriwa na wakaguzi wawapeleke baadhi ya mbwa wao kwa daktari. Badala ya kulipa daktari waliwapiga risasi mbwa wote 80. Watu walipouliza adhabu yao, waliambiwa kwamba sheria ilikuwa inamruhusu mwenye mbwa kumpiga risasi mbwa wake. Yaani kumwua kulikuwa rahisi kuliko kumtibu, na kote kuwili ni halali.

Jambo hilo liliwaamsha waliolala. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Gavana Ed Rendell alitia sahihi sheria mpya kwa wafugaji wakubwa. Tundu liwe kubwa zaidi ya mara mbili ya lile la zamani, sakafu ya waya ikatazwe, matundu yasipandishwe juu ya mengine, mbwa watazamwe na daktari mara mbili kwa mwaka, na ikibidi mbwa auawe, daktari ndiye amwue na si mwenye bunduki.

Missouri, jimbo lenye wafugaji wengi kuliko yote, lilipeleka swali hili kwa wapiga kura wenyewe mwezi wa Novemba 2010. Waliulizwa, pamoja na mengine, kama mfugaji azuiwe kuwa na mbwa wa kuzalisha zaidi ya 50. Zaidi kidogo ya nusu walisema ndiyo. Miji mikubwa ya St. Louis na Kansas City ilikubali, na mashamba yalikataa. Lakini mwaka uliofuata wabunge wa jimbo waliirekebisha sheria ile, na kikomo cha mbwa 50 kikaondolewa, ingawa masharti ya daktari na ya nafasi kubwa zaidi yalibakia.

Hoja ya wakulima haikuwa ya kipumbavu, nayo yafaa isikizwe. Walisema: leo mwahesabu mbwa wetu, kesho mtahesabu ng'ombe, kesho kutwa kuku. Mtu wa mjini asiyejua bei ya chakula cha mifugo ataingiaje kwetu atuamrishe? Walisema pia kwamba idadi peke yake si ukatili, kwani mwenye mbwa 60 na watumishi wengi aweza kuwatunza vyema kuliko mwenye mbwa sita na uvivu. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini hayakujibu swali la koo aliyezalishwa mpaka akaisha, kwa maana huyo hakutajwa hata kidogo katika hesabu zao.

Baadaye watetezi wa wanyama walibadilisha shabaha. Walisema, ikiwa mkaguzi hatoshi kufika kila shamba, basi na tufunge mlango wa soko. California ilikuwa jimbo la kwanza. Tangu tarehe 1 Januari 2019 duka la wanyama huko haliruhusiwi kuuza mbwa, paka wala sungura ila wale waliotoka katika nyumba za kuwahifadhi wanyama walioachwa. Maryland ilifuata, na New York sheria kama hiyo ilianza kutumika mwezi wa Desemba 2024. Mwenye kutaka mbwa wa nasaba hakukatazwa. Ametakiwa aende mwenyewe kwa mfugaji, afumbue macho.

KISA CHA LUCY

Uingereza ilikuwa na desturi ya zamani zaidi katika mambo haya, kwani huko sheria ya kwanza ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe na farasi ilipitishwa mwaka 1822. Mwaka 1973 wafugaji wa mbwa walitakiwa wawe na leseni. Mwaka 1999 sheria ilimtaja koo mwenyewe: asipandishwe kabla hajatimiza mwaka mmoja, asizae zaidi ya mara sita katika maisha yake, na kati ya uzazi na uzazi ipite miezi kumi na miwili. Hapo ndipo mama alipoanza kuonekana katika maandishi ya sheria.

Hata hivyo madalali walibaki. Mbwa alizaliwa Wales shambani, akauzwa London dukani au katika sebule ya nyumba iliyokodiwa, na mnunuzi akaambiwa kwamba mama ametoka kidogo, au amepelekwa kwa daktari. Wengine walimweka jike mwingine asiyehusika, akaitwa mama kwa siku moja.

Mwaka 2013 aliokolewa kutoka shamba moja la Wales jike dogo lenye masikio marefu, akapewa jina la Lucy. Nyonga zake zilikuwa zimegandana kwa kukaa mahali pa kubana, uti wa mgongo umepinda, na manyoya yametoka. Alikuwa amezalishwa mara kwa mara mpaka hafai tena. Aliyemchukua alimtunza mpaka alipokufa mwaka 2016, na picha zake zilienea nchi nzima. Daktari wa wanyama Marc Abraham pamoja na wenzake waliongoza kampeni iliyochukua jina lake, na tarehe 6 Aprili 2020 sheria ilianza kutumika katika England. Wales na Scotland zilifuata mwaka 2021.

Sheria ya Lucy ni fupi na yafahamika na kila mtu. Hakuna dalali wala duka litakalouza mtoto wa mbwa au wa paka mwenye umri wa chini ya miezi sita. Anayemtaka aende kwa mfugaji aliyemzalisha, au katika nyumba ya kuwahifadhi wanyama. Na mfugaji mwenye leseni lazima amwonyeshe mtoto akiwa pamoja na mama yake, mahali pale pale alipozaliwa, wala asimwuze kabla ya wiki nane.

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waingereza hawakuijua methali hii, lakini sheria yao yote imo ndani yake. Mtoto wa mbwa anayetembezwa, anayeletwa kwenye kituo cha magari, anayekabidhiwa njiani usiku, ana jambo linalofichwa nyuma yake. Na linalofichwa ni mama.

Si kwamba udanganyifu umekwisha. Mwaka ule ule wa 2020 ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani, waliotaka mbwa walizidi, bei ikapanda juu sana, na walaghai wakapata msimu mwema. Lakini zamani mnunuzi hakuwa na la kuuliza. Sasa analo swali moja ambalo sheria imempa: mama yake yuko wapi?

VITABU VYETU VYASEMAJE?

Hapa, ndugu msomaji, turudi kwetu. Yumkini wako watakaosema kwamba mbwa akiwa najisi hapana haja ya kumhurumia. Hasha! Unajisi ni hukumu ya mate na nguo na chombo; si ruhusa ya mateso. Mbwa wa kuwinda ametajwa katika Qurani, Sura ya Al-Maida, na mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa pamoja nao katika Al-Kahf. Nani asiyejua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akakibana kwa meno akapanda nacho, ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akiramba tope kwa kiu? Mwenyezi Mungu alimghufiria kwa maji hayo. Na mwanamke aliyemfungia paka, asimpe chakula wala asimwachilie ajitafutie, aliingia Motoni kwa paka huyo. Mwenye kinu amefungia mia.

Mintarafu ya mama na mtoto, ametuhadithia Ibn Mas'ud kwamba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), wakamwona ndege na makinda wawili, wakayatwaa makinda. Mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume alipoona hayo aliuliza nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, na akaamrisha arudishiwe. Na katika bustani ya Ansari mmoja huko Madina, ngamia alipomwona Mtume aliguna na machozi yakamtoka. Mtume alimpangusa, kisha akamwita mwenyewe na kumkumbusha amche Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, kwa maana anamshindisha na njaa na kumchosha kwa kazi. Angalia vizuri. Ngamia yule alikuwa mali halali ya mtu, ndani ya bustani yake mwenyewe, na bado aliulizwa.

Wanavyuoni waliifuata njia hiyo, nao ni wa madhehebu yetu ya Shafi. Al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki 1058, alipoandika juu ya kazi ya muhtasib, yaani msimamizi wa soko, alimpa mamlaka ya kuwazuia wenye wanyama wasiwatwike mizigo wasiyoiweza. Mkaguzi wa serikali, basi, si jambo lililozuliwa na wazungu juzi. Na Izzuddin bin Abdisalaam, mzaliwa wa Damascus aliyefariki Cairo mwaka 1262, aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwenyewe. Amlishe hata akiwa mzee au mgonjwa asiyekuwa na faida tena, asimbebeshe asichokiweza, asimweke pamoja na kitakachomdhuru, ampe mahali pazuri pa kulala na kunywa, wala asimchinje mtoto mbele ya macho ya mama yake. Yaliyoandikwa Cairo miaka mia saba na zaidi iliyopita ndiyo yanayopiganiwa Missouri leo.

Liko jambo jingine la kufikiri. Katika madhehebu yetu kumwuza mbwa hakusihi, kwa kuwa Mtume amekataza thamani ya mbwa, na kumfuga kwa starehe tu ni haramu, ila awe wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Wengi tumedhani makatazo hayo ni kwa ajili ya usafi wetu peke yake. Hekima yake aijua Mwenyezi Mungu. Lakini mwenye kutazama yaliyotokea pale kiumbe huyu alipogeuzwa bidhaa ya kupimwa kwa uzao ataona kwamba makatazo hayo yamemkinga na mbwa pia.

HAPA KWETU JE?

Hatuna budi kusema kweli: hapa Kenya watoto wa mbwa huuzwa kandokando ya barabara za Nairobi, jua likiwawakia, na mnunuzi humpokea kupitia dirisha la gari. Na sisi wa pwani, tusiofuga mbwa ndani, tunapenda paka. Siku hizi paka wa manyoya marefu, wa Kiajemi, hutangazwa kwenye simu kwa maelfu ya shilingi, na wengine wamezalishwa wakawa na pua bapa mno hata kupumua kwawapa tabu. Tusidhani basi kwamba moto huu u kwa jirani peke yake.

Sheria tunayo, nayo ni ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inayomwadhibu mwenye kumpiga mnyama, kumtwika kupita kiasi au kumnyima chakula. Ni sheria njema, lakini humngoja mnyama ateswe kwanza ndipo ije. Sheria za leseni kwa wafugaji zina faida yake kwa sababu huingia mlangoni mapema, kabla koo hajapinda mgongo. Lamu imetuonyesha kwamba watu wetu hawakatai jambo kama hili: tangu 1987 punda wa huko wana hospitali yao ya kutibiwa, na wenye punda huwapeleka.

Wakati tunangojea wabunge wetu, kila mnunuzi aweza kujitungia sheria yake. Anayetaka mbwa wa kulinda shamba, au mtoto wa paka kwa ajili ya wanawe, aende alikozaliwa. Amtazame mama: amenenepa au amekonda, amwendea mtu au ajificha. Aulize amezaa mara ngapi na mara ya mwisho lini. Asimchukue mtoto wa chini ya wiki nane, aone karatasi ya chanjo, na akiambiwa kwamba mama hayupo, aondoke. Wala asimnunue wa njiani kwa kumwonea huruma, kwani fedha zake zitalijaza tundu lile lile alilodhani amelifungua.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Koo la mbwa halina ulimi wa kuusema uchungu huo, wala halina kura. Lina yule anayekuja na fedha mkononi, na swali atakalouliza kabla ya kuzitoa.